Dumu la Lita 20 na Shingo ya Anayelibeba

Ndugu zangu, wapo wanaodhani ergonomia, yaani elimu ya kufanya vifaa na kazi viuendane mwili wa mtu, ni habari ya viti vya ofisini. Kwangu mimi inaanzia bombani, kwenye dumu la lita 20.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy na wenzake, waliowapima wanawake nchini Kenya: Wajaluo, wanaojitwika mzigo kichwani, na Wakikuyu, wanaoubeba mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kudai oksijeni zaidi. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walionyesha kuwa siri iko katika mwendo. Kila hatua, mwili hupanda na kushuka kama bembea. Kimo hugeuka kasi, kasi ikarudi kuwa kimo, na katika kugeuka huko nguvu fulani hupotea. Wanawake hao, wakishajitwika, walipoteza nguvu kidogo kuliko wakitembea mikono mitupu.

Huo ni ujuzi mkubwa, nami nauheshimu. Lakini usitumiwe kuhalalisha mateso. Hebu tupige hesabu. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Maji ya dumu lililojaa ni kilo 20: theluthi nzima ya uzito wake! Binti wa kilo 30 anastahili kilo 6 tu. Tena, oksijeni haisemi lolote kuhusu pingili za shingo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukuikuta nafuu ile kwa wote, na kwa mzigo wa kichwani shingo ndiyo iliyolalamikiwa.

Madumu mengi tunayochotea maji yalitengenezwa kubebea mafuta ya kula. Shingo ya mtu haikuwamo kwenye hesabu.

Afrika Kusini walibuni Hippo Roller, pipa la lita 90 linaloviringishwa ardhini. Kwenye tambarare ni ukombozi. Kwenye miteremko ya Usambara sioni likifaa.

Ninachowaomba ninyi wabunifu ni madumu ya lita 10 yenye mshikio mpana, na kijukwaa cha zege kando ya bomba, kimo cha kifua, ili mama ajitwike bila kuinama wala kungoja wa kumtwisha. Mtaniambia lita 10 ni safari mbili. Kweli, na ndiyo maana bomba nalo lazima lisogee karibu na nyumbani. Kijukwaa, lakini, hakingoji bomba jipya: kamati ya maji na fundi mmoja wanatosha kukijenga.