Fishi ya Mshahara na Simu Iliyo Mfukoni

Mama na baba, ndugu zangu, na ninyi vijana wa chuo mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Naomba kila mmoja atoe simu yake aishike. Ule uzito mnaousikia mkononi, sehemu yake ni betri, na ndani ya betri nyingi mna kobalti. Inakotoka mnajua: mmeona malori yakipita hapa Lubumbashi kwenda mpakani Kasumbalesa. Habari za mashimo ya Kolwezi, kobalti inakochimbwa, tumezisema sana, na bado tutazisema. Leo nataka tuifuate njia hadi mwisho wake, kiwandani, mahali simu inapoungwa.

Mwaka 2010, huko Shenzhen nchini China, vijana waliofanya kazi kwa Foxconn, kampuni inayounda simu za Apple na za wengine, walianza kujirusha kutoka juu ya majengo. Zaidi ya kumi walikufa mwaka ule mmoja. Kampuni ikatandaza nyavu kuzunguka mabweni. Nyavu, ndugu zangu! Mshahara nao ukapandishwa, lakini mtoto wa mtu alikuwa ameshazikwa.

Mwaka 2012 Apple ikajiunga na Fair Labor Association, shirika linalokagua hali ya wafanyakazi viwandani, na wakaguzi wake wakaingia katika viwanda vitatu vya Foxconn. Waliwauliza maswali wafanyakazi zaidi ya 35,000. Sheria ya China inataka saa 40 kwa juma, na saa za ziada zisizidi 36 kwa mwezi. Wakaguzi wakakuta kwamba kazi ikipamba moto watu wanavuka saa 60 kwa juma. Jambo lililonikaa rohoni ni lingine. Kama thuluthi moja ya wafanyakazi walisema wangependa kuongezewa saa, wapate pesa zaidi.

Tajiri akisikia hivyo anasema: si mnaona, wanataka wenyewe! Mimi nasema mtu haombi kuchoka. Mshahara wa msingi ukiwa hautoshi bukari, ugali wetu, ya mwezi, saa ya ziada si hiari tena, hata kama amesaini mwenyewe.

Najua ninachosema. Nilifanya kibarua cha miezi 14 kwenye mgodi mmoja wa upande wetu huu, nikiwa nimeandikwa na kampuni ya kati. Kofia ilikuwa na jina la mgodi, fishi ya mshahara, ile karatasi ya malipo, ilikuwa na jina la wengine. Sheria yetu inasema saa 45 kwa juma. Mimi nilikuwa natoka nyumbani Katuba kabla ya jogoo, narudi watoto wamelala, na kwenye fishi mstari wa saa za ziada ulikuwa mtupu kila mwezi. Nikienda kuuliza mgodini, naambiwa nenda kwa waliokuandika. Nikienda kwa hao, naambiwa bei ilipangwa na mgodi.

Siku ya mkaguzi ilijulikana mapema. Asubuhi tuligawiwa buti mpya, za ngozi, bado zinanuka duka. Jioni zilikusanywa, jozi kwa jozi, kwa kufuata orodha.

Msidhani ni ujanja wa huku kwetu tu. China iliweka kanuni mwaka 2014: wafanyakazi wa kukodiwa kupitia kampuni za kati wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi wote. Mwaka 2019 Apple na Foxconn zenyewe zilikiri kwamba kwenye kiwanda cha Zhengzhou, kinachounda iPhone, walikuwa wamezidi mno. Kwa hiyo yule binti anayekaza skrubu kule na mimi niliyevaa buti za siku moja, dawa tuliyonyweshwa ni moja.

Kampuni kubwa ikisema inawajibika, iulizwe kwanza inalipa kiwanda bei gani kwa kila simu, na inakipa siku ngapi za kumaliza oda. Ukibana bei na ukabana muda, umeshaandika saa za ziada kwa mkono wako, hata kama kanuni za maadili umezitundika ukutani kwa lugha tano.

Na sisi tuna kazi. Wakaguzi wakija tena mjini, wasikutane nasi ofisini mbele ya msimamizi. Waiteni nyumbani, kwenye mitaa yetu ya hapa mjini, Katuba, Kenya, Kamalondo, saa mbili usiku, mtu akiwa amerudi, fishi zake za miezi yote ziko mezani. Zangu ninazo hapa, zote 14. Atakayetaka kuzisoma apite mbele.