Vipimo Kabla ya Pesa: Mhadhara kwa Wenye Magari ya Fobaifo, Nakuru

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nawaona wakulima wa Njoro na Mau Narok, nawaona madereva wanaowashusha watalii Bogoria na Baringo, na vijana wa gereji nao wamekuja. Karibuni sana. Tunazungumzia injini iliyofumuliwa, ikafungwa, ikarudi kwa mwenyewe ikiwa mbovu, na ugomvi unaozuka hapo.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Gari limevutwa hadi gereji kwa sababu limenoki, yaani injini imegonga ikafa, au linakula oili. Fundi analisikiliza, anataja bei papo hapo, anaomba nusu. Wiki mbili zinapita, na kila simu inajibiwa "njoo Ijumaa". Ijumaa bei imepanda, kwa kuwa krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo imekutwa na kasoro. Gari linatoka baada ya miezi mitatu, linatembea kilomita elfu mbili, moshi wa buluu unarudi. Fundi anadai dereva amelichemsha. Mwenye gari anadai ameibiwa. Mara nyingi hapo hakuna aliyepanga kumwibia mwenzake. Hapakuwa na mtu aliyepima kitu akakiandika. Bei inayotajwa kabla ya injini kufunguliwa na kupimwa ni ya kukisia, na kisio hilo lazima limuumize mmoja wenu.

Basi tuangalie vipimo. Chukueni 1HZ, dizeli ya silinda sita iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za huku kwetu. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164, na kipenyo cha silinda ikiwa mpya ni milimita 94. Silinda huliwa zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza ya pistoni inapogeuka kurudi chini. Joto liko hapo, shinikizo liko hapo, na oili inayofika ni haba. Tuseme fundi amepima chini akapata 94.02, juu akapata 94.19. Tofauti ni milimita 0.17, na mtu atasema ni ndogo, weka ringi mpya tufunge. Piga hesabu. Mzingo hukua kwa kipenyo mara 3.14, kwa hiyo 0.17 inakuwa kama 0.53. Ringi iliyokuwa na mwanya wa 0.35 kati ya ncha zake kule chini, ikifika juu mwanya ni 0.88. Pumzi ya mwako inapita hapo kwenda kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, oili inapanda kwenda kuungua. Kosa la ringi halipo. Silinda ndiyo imepanuka kama shingo ya faneli. "Tubadilishe ringi tu" ni maneno ya kuombewa namba kwanza.

Kila silinda hupimwa mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili: kufuata urefu wa injini na kukingama. Ni vipimo sita kwa silinda, 36 kwa injini nzima. Kwa geji ya ndani na maikromita, kazi hiyo haimalizi asubuhi moja. Omba karatasi yenye namba hizo 36, piga picha. Gereji isiyo na geji hiyo ipeleke bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, kwa wachongaji wapime kabla ya lolote kununuliwa.

Sasa jambo linalochelewesha magari kuliko yote. Bloku huchongwa kufuata pistoni. Pistoni za ovasaizi ya 0.50, yaani kubwa kuliko za kawaida kwa milimita 0.50, zikija, mchongaji huzipima moja moja, kisha huchonga kila silinda iache kati yake na pistoni nafasi ambayo kitabu cha injini ile kinataka. Gereji zenye haraka hupeleka bloku ichongwe kwanza, halafu zinaanza kusaka pistoni Nakuru, zinakosa, zinaagiza Nairobi, zinaletewa za aina nyingine. Nafasi ikiwa kubwa, pistoni inagonga injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, pistoni inavimba kwa joto na kukwama kwenye mlima wa kwanza. Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba bloku imeshachongwa, uliza: pistoni ziko mezani? Jibu likiwa hapana, kuna tatizo linakuja.

Tazameni hiki nilichoshika. Ni nusu ya beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, na nitaipitisha mkononi kwa kila mmoja. Ikiwa mpya, uso wake wote ni wa kijivu, laini, hauna mng'aro. Hii ina rangi mbili, kijivu pembeni na nyekundu ya shaba katikati, na ina mikwaruzo miwili inayofuata mzunguko. Tabaka la juu limekwisha, la chini yake limefikiwa. Pitisheni ukucha kwenye ile mikwaruzo, ukucha unakwama. Hapo chuma kigumu kilipita kikiwa ndani ya oili. Kipande kilichokwaruza beringi kimekwaruza krankshafti pia, na chenga zake zimeingia mahali ambapo mafundi wengi hawafungui: kipoza oili.

Hapo injini nyingi "mpya" hufia. Injini imenoki, krankshafti imesagwa kwa milimita 0.25 au 0.50, beringi za saizi hiyo zimewekwa, kila kitu kinang'aa, na kipoza oili kimesuuzwa kwa petroli nje tu kikarudishwa. Chenga zimejificha katikati ya mabamba yake, na oili moto ikianza kuzunguka zinatoka zenyewe kwenda kwenye beringi mpya. Injini iliyonoki ifunguliwe kipoza kisafishwe kabisa au kibadilishwe, na plagi za njia za oili kwenye bloku zing'olewe ili burashi ipite ndani. Jambo jingine ni la msagaji: kwenye kona ya kila jarida la krankshafti, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, pana mviringo mdogo, usigeuzwe kuwa kona kali. Ukifanywa mkali, ufa huanzia hapo na krankshafti huvunjika.

Na bloku ikitoka kuchongwa, ioshwe kwa maji moto na sabuni, isuguliwe kwa burashi. Petroli na dizeli huondoa grisi na kuacha unga wa jiwe la msasa. Kipimo chake ni kitambaa cheupe: kifute ndani ya silinda, kikitoka na weusi, osha tena. Kikitoka cheupe, paka oili saa hiyo hiyo, maana kutu haingoji.

Kwa wanaovuka maji, hasa wenzetu wa Ahero na Nyando mvua ikipita kiasi. Injini ikivuta maji, maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda, inakutana nayo, na kinachokubali ni konrodi: inapinda, pengine kidogo sana jicho lisione. Gereji inamwaga maji, inabadilisha oili, gari linawaka, linalipiwa. Baada ya wiki chache linagonga. Konrodi iliyopinda imefupika, kwa hiyo pistoni yake haifiki juu sawa na wenzake. Hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ikiwa nje, weka geji yenye uso wa saa juu ya bloku, zungusha injini kwa mkono, andika kila pistoni inachomoza kiasi gani. Iliyobaki chini ya wenzake inakuonyesha konrodi ya kutoa na kuikagua.

Kipimo hicho hicho kinahitajika kwa jambo lingine. Katika dizeli nyingi za Toyota, gasketi ya hedi huja kwa unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa jinsi pistoni zinavyochomoza. Uso wa bloku ukiparazwa, pistoni huchomoza zaidi. Fundi akinunua gasketi bila kupima, anabahatisha. Hedi yenyewe ikaguliwe ufa kwa shinikizo la maji moto kabla haijaparazwa, hasa ile ya aluminiamu ya dizeli ya Toyota 1KZ, ambayo ikichemshwa hupasuka karibu na vali. Kuparaza hedi yenye ufa ni kutupa pesa. Bolti za hedi zinazofungwa kwa torki, yaani nguvu iliyopimwa, kisha kwa kuzungushwa digrii kadhaa, huvutika, na kitabu kikisema zisitumike tena, zisitumike tena.

Mzee hapa mbele ameuliza kwa nini mafundi hutoa themostati, kama ni kosa. Ahsante mzee, swali zuri. Wanatoa kwa nia njema, wakidhani maji yatapita upesi. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka hufungua njia ya rejeta, na wakati huo huo sahani yake ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haifiki rejeta kabisa. Bondeni huoni tofauti. Mlimani ukiwa na mzigo gari linachemka. Tena hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu ni kama 96. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji na kupandisha kiwango hicho. Springi yake ikilegea, injini iliyosukwa kwa gharama kubwa inaharibiwa na kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kwa hiyo kwenye kotesheni ziandikwe themostati mpya, kifuniko kipya, rejeta kuzibuliwa, na kulanti badala ya maji ya bomba.

Vumbi pia. Ikiwa mpira wa hewa baina ya kisafishaji na injini una mpasuko, injini mpya itakwisha kama ya zamani. Ubadilishwe.

Kuhusu muda, bloku, krankshafti, hedi na spea zikiwa mkononi, kazi ya kuridhisha huchukua siku 10 hadi 15 za kazi. Zaidi ya hapo pana kitu kinasubiriwa, na una haki ya kujua ni kipi. Pesa zifuate hatua. Kwanza lipia kufungua, kuosha na kupima peke yake. Ukipewa namba, ndipo kotesheni iandikwe, ikitaja spea kwa jina, saizi na idadi. Spea ukiweza lipa dukani mwenyewe, risiti iwe kwa jina lako. Salio la kazi lilipwe injini ikiwa imewaka na shinikizo la oili limepimwa ikiwa moto. Kabla gari halijaingia, piga picha ya namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku uilinganishe na ya logibuku. Injini ikibadilishwa nyuma yako, shida na NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, itakuwa yako.

Spea za zamani dai zote, hata zile chakavu. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari: makadirio ya gharama, idhini yako kabla ya kazi, na kurudishiwa vilivyotolewa. Na mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo hupokea dai lisilozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pale ndipo karatasi ya vipimo na beringi ya zamani husema kwa niaba yako.

Sasa injini imekuja nyumbani. Isikae ikinguruma bure uani saa nzima. Ringi mpya zinahitaji mzigo ili zisukumwe kwenye ukuta wa silinda. Ikinguruma bila kazi, ukuta unapata gamba la kung'aa na oili italiwa daima. Ipashe joto, iendeshe kwenye mwinuko wa Salgaa kuelekea Mau Summit, gia inayoiruhusu kuzunguka vizuri, kasi ikibadilikabadilika, bila trela. Moshi kidogo mweusi kwenye mwinuko ule, kwa injini isiyo na turbo, unatokana na hewa kuwa nyembamba na haumaanishi kazi ilikuwa mbovu. Wa buluu usiokwisha, huo ndio wa kuripoti. Kila asubuhi angalia oili na kulanti, uandike.

Kilomita 500 zikifika, badilisha oili na filta, na ile filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikata mkebe, kunjua karatasi yake, ikamue, iangalie juani. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini mpya. Ukiona vipande vinavyoshikwa na sumaku, au chenga za rangi ya shaba kama ile beringi inayozunguka huko nyuma, zima gari hapo ulipo. Usiliendeshe hadi gereji, livutwe. Filta itie kwenye mfuko msafi, andika tarehe na kilomita, uende nayo kwa fundi siku hiyo hiyo.