Asilimia 39 Inahesabiwaje?

Kila kampuni kubwa ya televisheni Marekani inapotaka kununua nyingine, namba moja hutajwa: asilimia 39. Ndicho kikomo kilichowekwa na Bunge mwaka 2004, na wengi huamini kwamba hakuna kampuni inayoweza kufikia kaya zaidi ya 39 katika kila 100. Sivyo.

Tuhesabu pamoja. Nchi imegawanywa katika masoko 210 ya televisheni. Ukiwa na kituo katika soko fulani, kaya zote za soko hilo zenye televisheni huandikwa upande wako, hata kama hakuna anayekutazama. Soko lina asilimia 4 ya kaya za nchi? Unaandikiwa 4. Ukinunua kituo cha pili hapohapo huongezewi kitu, kwa sababu soko huhesabiwa mara moja.

Ujanja uko hapa. Kituo kikirusha kwa UHF, yaani chaneli ya 14 kwenda juu (nazungumzia masafa yenyewe, si namba unayoiona kwenye skrini), unaandikiwa nusu: 2 badala ya 4. Punguzo hilo ni la 1985, enzi za analojia, UHF ilipokuwa na chenga na haifiki mbali kama VHF, yaani chaneli zilizo chini ya 14. Wakati ule lilikuwa haki. Lakini Juni 2009 vituo vikubwa vilimaliza kuhamia dijitali, na huko VHF ndiyo inayosumbuliwa na kelele za umeme, tena inataka antena ndefu. FCC, tume inayotoa leseni, ililifuta punguzo 2016, ikalirudisha 2017. Kwa hiyo mwenye vituo vya UHF vitupu anaweza kugusa asilimia 78 ya kaya, na kwenye karatasi akasomeka 39.

Njia ya pili ya kusomeka chini ya kikomo ni mikataba. Leseni hubaki kwa kampuni ndogo, lakini kampuni kubwa ndiyo inayouza matangazo na kutengeneza taarifa ya habari. Sinclair, kampuni yenye vituo vingi vya televisheni, ilipotaka kuinunua mwenzake Tribune, mwaka 2017, kwa takriban dola bilioni 3.9, ilipanga WGN, kituo cha Tribune cha Chicago, iuzwe kwa mfanyabiashara wa magari mwenye uhusiano wa kibiashara na mwenyekiti wake, kwa dola milioni 60, huku yenyewe ikiendelea kuihudumia. Kwa kituo kilichoko katika mojawapo ya masoko makubwa kabisa nchini, bei hiyo ilikuwa ya kutiliwa shaka, na FCC ilitia shaka: Julai 2018 ikapeleka suala kwa jaji wa masuala ya utawala. Mwezi uliofuata Tribune ikajitoa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kituo ni cha nani, usiishie kwenye jina la mwenye leseni. Fungua faili la umma la kituo, lililoko kwenye tovuti ya FCC, utafute mikataba ya huduma za pamoja na ya kuuza matangazo. Kisha soma nani ana haki ya kukinunua baadaye, na kwa bei gani. Bei ikiwa imeshapangwa mapema, thamani ya kituo ikipanda faida ni ya huyo anayesubiri kununua. Mwenye leseni hapati kitu katika ongezeko hilo.