CJ ana kitambi, Geralt hana

ZUHURA: Tuko hewani. Dulla kaja na uso wa mtu aliyeibiwa simu, mnamjua. Leo tuliahidi mambo matano kwa mtu anayeanza kucheza RPG, zile gemu za kuvaa uhusika, nimeyaandika kabisa, karatasi hii hapa...

DULLA: Weka karatasi kwanza. Jumapili nimempeleka mpwa wangu kibanda cha gemu pale mtaani. Ukutani bei zimeandikwa, mpira jero mechi, gemu za stori buku kwa saa. Nikamwacha na GTA San Andreas nikaenda kunyoa. Narudi, saa imeisha na dogo hajagusa hata misheni moja! Saa nzima anampeleka CJ, yule mtu unayemchezesha, gym, akitoka gym anamlisha, akishamlisha anamrudisha gym.

ZUHURA: Yaani umelipa buku mtu mwingine akafanye mazoezi.

DULLA: Na ile gym ikifika mahali si inakukatalia, inakwambia leo basi rudi kesho, sasa dogo anamrudisha CJ nyumbani anasevu, yaani anahifadhi gemu ilipofikia, anasevu tena, maana ukisevu masaa sita yanapita, ili kesho ifike haraka. Mwenye kibanda ananiambia "braza, huyu hachezi, huyu anafuga."

ZUHURA: (anacheka) Anafuga!

DULLA: Subiri. Jumanne dogo karudi, anafungua, CJ wake hayupo. Kuna mtu kasevu juu yake. Kamkuta CJ wa watu, mwembamba, hana hata kifua. Dogo kalia Zuhura, kalia kilio cha msibani. Namlalamikia mwenye kibanda, ananijibu yeye RPG hazitaki tena humu ndani. Namuuliza San Andreas imekuwa RPG lini? Anasema "gemu yoyote mteja anaomba kusevu ni RPG."

ZUHURA: Aisee huyo jamaa anatakiwa kukaa kiti chako. Ila kakosea, San Andreas sio RPG.

DULLA: Ni RPG.

ZUHURA: Dulla.

DULLA: Ni RPG, nisikilize. CJ ana namba. Msuli, mafuta, pumzi ya kuzamia, kuendesha gari, mpaka heshima. Silaha ukiitumia sana unapanda daraja, bastola ukifika juu anashika mbili mbili. Na kuna ile misheni ya Woozie, yule bosi wa genge, ya kuogelea mpaka kwenye meli, pumzi yako ikiwa ndogo hupewi kabisa, unaambiwa nenda kazamie kwanza. Sasa gemu inayokunyima kazi kwa sababu ya mwili wa mtu wako, hiyo ni nini kama sio RPG?

ZUHURA: Ni usaili wa jeshi. Dulla, CJ awe na kitambi awe na misuli, stori inabadilika?

DULLA: Watu barabarani wanamcheka kitambi.

ZUHURA: Nauliza stori!

DULLA: Na mbio zinapungua.

ZUHURA: Haibadiliki! Ryder, rafiki yake CJ, atakusaliti ukiwa mnene, atakusaliti ukiwa mwembamba. Neno lenyewe ni kuvaa uhusika, gemu inatakiwa ikuulize wewe ni nani halafu ilikumbuke jibu lako. Witcher 3 ya 2015, wewe ndio Geralt, unaamua jambo dogo tu kijijini, unasahau, masaa kumi baadaye unakuta watu wamekufa kwa ajili yako.

DULLA: Geralt ana kitambi?

ZUHURA: Hana.

DULLA: Anakula?

ZUHURA: Anakula, ndio anavyorudisha damu.

DULLA: Anakula nyama mbichi katikati ya vita, mikate, mapaja ya kuku, na kifua kile kile. Sasa huyo nimemvaa au nimemshika mkono tu? Mimi kipimo changu ni kitambi. Kama nikimlisha mtu wangu ujinga na mwili hausemi kitu, hiyo sio RPG, hiyo ni tamthilia.

ZUHURA: Geralt anaota ndevu.

DULLA: Nini?

ZUHURA: Ndevu zake zinaota kadiri unavyocheza, usipoenda kwa kinyozi zinakuwa ndefu.

DULLA: (kimya) ...Basi kidogo ni RPG.

ZUHURA: Mungu wangu. Haya, Zelda ya kwanza, 1986?

DULLA: Link, shujaa wake, anaongeza mioyo ya uhai ila hana levo, hana kitambi, hana ndevu. Sio.

ZUHURA: Hapo tumekubaliana, ila sababu zako za kinyozi. Dragon Quest, mwaka huo huo?

DULLA: RPG mama. Levo, pointi za uzoefu, dhahabu, unapiga slaimu, vile vijidude vya ute, mpaka vidole vinaota sugu.

ZUHURA: Na unaamua nini mle?

DULLA: Mwishoni yule adui mkuu, Dragonlord, anakuuliza utagawana nae dunia.

ZUHURA: Swali moja, na ukikubali umepoteza! Ona, mimi nikwambie kitu kinachoniuma. Hii kitu ilianzia mezani, Dungeons & Dragons ya 1974, Gygax na Arneson. Watu wamekaa, kuna dadu, na kuna mtu mmoja anaendesha gemu. Unamwambia mimi simpigi huyu zimwi, namkaribisha chakula. Anakuna kichwa, anasema haya rusha dadu. Zile namba zilikuwepo ili huyo mtu aamue bila kupendelea. Ikaja 1981, Wizardry na Ultima, kompyuta imechukua nini? Namba. Ikamwacha yule mtu mezani. Ndio maana leo mnaona levo mnaita RPG, hata Call of Duty tangu ile ya 2007 ina levo online, nayo mtaiita RPG?

DULLA: Hapana, maana kule nikipanda levo nafunguliwa bunduki, mimi mwenyewe sijabadilika. Lakini umesema mwenyewe, kilichorithiwa ni namba. Basi mrithi ndio huyo. Marehemu kaacha nyumba na shamba, mtoto kachukua shamba, huwezi kusema sio mtoto wake.

ZUHURA: Naweza kusema kamuacha mama yake nje kwenye mvua.

DULLA: Duh.

ZUHURA: Disco Elysium, 2019. Hakuna mapigano, unaongea tu, na ndio RPG kuliko zote nilizocheza.

DULLA: Ina ujuzi ngapi?

ZUHURA: Ishirini na nne, zinaongea nawe kichwani...

DULLA: Namba 24! Umejifunga mwenyewe.

ZUHURA: Namba zinazoongea, Dulla! Zinakushauri vibaya, zinakudanganya. Msuli wa CJ umewahi kumwambia nini?

DULLA: Umemwambia mpwa wangu "nimepotea" na akalia. Dogo hakulilia misheni, hakuwa nayo hata moja. Kalilia mtu. Niambie gemu gani yako ya maamuzi imewahi kumliza mtu kwa save kufutwa.

ZUHURA: Mtu analia hata sabuni yake ikidumbukia chooni. Kulia sio kipimo.

DULLA: Kitambi je?

ZUHURA: Na kitambi SIO kipimo!

DULLA: Basi hatuelewani.

ZUHURA: Hatuelewani. Na jamaa wa mitambo ananionyesha saa, tumebakiwa na dakika mbili, mambo matano sijasoma hata moja. La kwanza, unapoanza usichague...

DULLA: Samahani, simu, ni dogo. Eeh mjomba. Uko wapi? ...Kibandani. Saa ya ngapi hiyo? ...Ya pili? Nani kalipa? ...Haya mwambie nakuja.

ZUHURA: CJ?

DULLA: Anakula.