Maji ya Sayyid Barghash

SALMA: Assalaam alaykum. Wiki hii mfereji mtaani kwetu ulikauka siku 3, kwa hiyo nimepindua mpangilio wa kipindi chetu cha mageuzi ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Tulisema tunaanza na mkataba wa 1873, ule wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini. Mimi naanza na maji.

FAKI: Wa alaykumu salaam. Bi Salma, tuna mambo 5: mkataba, maji, sarafu, mtambo wa chapa, na jeshi lake chini ya Mwingereza Mathews.

SALMA: Maji ni dakika 5, Maalim.

FAKI: Haya, nakuhesabia.

SALMA: Mji Mkongwe umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana vitundu. Kisima unachimba kifupi tu, maji haya hapa. Lakini bahari ikijaa, chumvi inapanda. Na shimo la choo la jirani linavuja kuingia kisimani, maana jiwe halichuji kitu. Kipindupindu cha 1869 hadi 1870 kilipita katika mji wa namna hiyo, na Oktoba 1870 Barghash akarithi kiti cha ndugu yake Majid.

FAKI: Na Aprili 1872 kikaja kimbunga, mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika, ndiyo maana karafuu ikahamia huko. Mche wa mkarafuu unakaa miaka 6 au 7 kabla hujauchuma. Hesabu mwenyewe hazina ilivyokuwa.

SALMA: Na bado akaleta maji mjini, watu wakateka bila kulipa. Yalitoka kwenye chemchemi za kaskazini, upande wa Mtoni na Bububu, yakishuka kwa mteremko.

FAKI: Mteremko peke yake?

SALMA: Peke yake. Ila ndipo kazi ilipo. Mfereji wa wazi lazima ushuke kidogo kidogo bila kukatika. Ukishuka kwa kasi, maji yanakula chokaa. Ukilala mno, mchanga unatua na mfereji unaziba. Penye bonde unajenga matao. Bomba la chuma lina hisani zaidi, linaweza kushuka bondeni na kupanda tena, mradi mdomo wake uwe chini kuliko chemchemi. Lakini pale bondeni ndipo shinikizo linapokuwa kubwa, na viungo vinaanza kuvuja hapo. Ongeza udongo wenye chumvi, kutu inakula bomba kwa nje.

FAKI: Marhubi, kwenye jumba lake, bado kuna mabaki ya mfereji na mabirika.

SALMA: Yamesimama kwa sababu ya chokaa. Unachoma matumbawe juu ya rundo la kuni, unayazima kwa maji, unaiacha chokaa ikae miezi, kisha unachanganya na mchanga na udongo mwekundu. Ukiiharakisha, inapasuka. Ukiikandika saruji juu yake leo, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza kimyakimya. Mafundi wengi wanaharibu hapo.

FAKI: Dakika 5 zimepita zamani.

SALMA: Moja tu. Baada ya uasi wa 1859 dhidi ya Majid, Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa hadi 1861. Na 1860 Bombay ilianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Alikuwa palepale! Mimi naamini aliyaona kwa macho yake.

FAKI: Hilo ni kisio lako.

SALMA: Kisio langu, na sirudi nyuma.

FAKI: Basi nipe 1873. Januari anakuja Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, Barghash anakataa. Kisha balozi wao Kirk anamwambia manowari zitazingira kisiwa. Tarehe 5 Juni anatia sahihi: watumwa wasisafirishwe tena baharini, na soko la watumwa la Mkunazini lifungwe. Mimi nasema hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote aliyoyafanya.

SALMA: Aliyoyafanya nani? Mtu akisaini huku mizinga inamtazama, hayo si mageuzi yake. Maji ndiyo yake. Hakuna aliyemlazimisha.

FAKI: Na 1876? Biashara ya watumwa ilikuwa imehamia nchi kavu, misafara inatoka Kilwa inapanda kaskazini kwa miguu. Alitoa amri ya kuipiga marufuku hiyo pia. Mara hii hakuzingirwa. Alijua wafanyabiashara wa pwani watamchukia, na walimchukia.

SALMA: Kirk alikuwa mlangoni kila siku, Maalim. Barghash alitoa akitarajia Waingereza watamlinda. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zikaja mbele ya mji, ulinzi ukawa wapi? Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakamgawia mwambao wa maili 10, kwenye nchi aliyoiita yake.

FAKI: Kwamba alidanganywa baadaye hakufuti alichokiamrisha. Yule aliyekuwa auzwe Mkunazini 1874 hakuuzwa. Kwake haijalishi amri ilitoka moyoni au mizingani.

SALMA: Aliuzwa kwa siri, na aliyekuwa mtumwa shambani alibaki mtumwa hadi sheria ya 1897. Nani alichuma karafuu iliyolipia matao yale?

FAKI: Sasa unaniunga mkono mimi! Maji unayoyasifu yalilipwa na hao. Huwezi kuyaita safi na mkataba ukauita wa kulazimishwa.

SALMA: Sijasema safi. Nimesema yake.

FAKI: Na mimi nasema mtawala anapimwa kwa amri aliyoisimamia ilipomgharimu.

SALMA: Hapo hatukutani.

FAKI: Hatukutani.

SALMA: Nimeoneshwa mkono hapa, zimebaki dakika 2. Sarafu?

FAKI: Haraka basi. Kabla yake watu walitumia reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, na pesa za shaba kutoka India. Yeye akapigisha zake, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, za shaba zenye picha ya mizani. Mizani kwa sababu...

SALMA: Maalim, tunakatwa. Chapa na Mathews hatukuvigusa kabisa.

FAKI: Nilikuhesabia. Maji yamekula dakika 19.