Nguru ni Bei Gani?

ATHMAN: Inarekodi? Haya. Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, hapa Amu, kisiwani Lamu, na popote mlipo. Mimi ni yule yule, na mwenzangu ni yule yule, nesi Rukia.

RUKIA: Waaleikumu salaam. Athman, kabla hujaanza, leo nina karatasi. Mambo sita ya kujua mgonjwa wako akiongezewa damu. Niliahidi tangu wiki mbili nyuma, ukala muda wote kwa habari za punda wako.

ATHMAN: Punda alikuwa mgonjwa.

RUKIA: Alikuwa mvivu.

ATHMAN: Karatasi tutaisoma, inshallah. Lakini wiki hii hayo ya karatasi yamenikuta mwenyewe. Jumanne alasiri natoka Mokowe. Boti imejaa, pa kuketi hapana. Naona sanduku la barafu, la bluu, limefungwa utepe. Nikaketi juu yake. Mbele yangu kuna mama mmoja na vikapu vyake. Ananitazama, analitazama sanduku. "Nguru ni bei gani?"

RUKIA: (anacheka) Kakuona mchuuzi.

ATHMAN: Namwambia si langu. Hasadiki. "Unawawekea wa mahoteli ya Shela, sisi wenyeji hututaki." Akataka nambari yangu ya simu, nikampa ili aninyamazie. Tuko katikati ya mkondo, kijana mmoja aliyevaa shati jeupe ananigusa bega. "Mzee, samahani, umekalia damu."

RUKIA: Mzee!

ATHMAN: Hilo ndilo lililoniuma. Niliruka, kidogo nitumbukie. Kumbe sanduku zima ni damu, imepimwa bara, inakuja hospitalini.

RUKIA: Na alifanya vyema kukuinua. Lile sanduku lina hesabu yake. Njiani joto lisipite digrii 10 na lisishuke chini ya 2. Ikifika kwenye friji ni kati ya 2 na 6. Na hapo imeshatoka mbali, imepimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, kaswende. Halafu aje mtu aliyeshiba biriani aikalie.

ATHMAN: Sikuwa nimekula. Sasa mimi, mwana wa mvuvi, nikaanza kumfundisha kazi. Nikamuuliza, mbona sanduku lenu halichuruziki maji? Barafu yenu kidogo hiyo. Akasema barafu ipo, lakini haigusani na mifuko, wameikinga. Nikamwambia, barafu gani isiyogusa samaki?

RUKIA: Si samaki! Nguru unamlaza juu ya barafu, unamfukia, anazidi kuwa mtamu. Damu ikigusa barafu, chembe nyekundu zinaganda na kupasuka. Kumtia mtu damu iliyopasuka ni kumtafutia balaa la figo. Ikitunzwa vizuri, kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, yaweza kukaa hata siku 35.

ATHMAN: Nguru wa siku 35...

RUKIA: Usiendelee.

ATHMAN: Basi. Usiku ule ule, saa sita kasoro, dada yangu anapiga simu. Nimemuomba ruhusa ya kulisema hili, amekubali, ila mtoto tusimtaje. Mpwa wangu ana siko.

RUKIA: Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

ATHMAN: Kwetu twasema siko. Ana miaka sita. Kashikwa na malaria, siku ya tatu HB, kile kipimo cha wingi wa damu, imeshuka mpaka 4. Macho ya manjano, anahema kama aliyekuwa akikimbizwa. Na mimi nilikuwa nikisikia kwamba siko inakinga malaria.

RUKIA: Ngoja, hilo linaua watoto. Anayekingwa ni yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu. Huyo haumwi siko, na malaria kali humpata kwa nadra. Ndiyo maana pwani hii kuna wengi wanaoibeba, malaria imetuchuja karne na karne. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, malaria ndiyo adui yake mkubwa. Huyo chandarua asikikose hata usiku mmoja.

ATHMAN: Dada alikuwa anajua. Shemeji ndiye aliyekuwa na hiyo hadithi yangu. Basi nafika wodini, namkuta muuguzi kijana ameketi kando ya kitanda, macho kwa mtoto. Natoa salamu. Kimya. Natoa tena. Ananiinulia kiganja hivi, kama askari wa barabarani.

RUKIA: Damu ndiyo kwanza imeanza?

ATHMAN: Inashuka tone, tone.

RUKIA: Alikuwa akihesabu pumzi. Athman, zile dakika 15 za mwanzo mimi siondoki hata nikiitwa na mkubwa wangu. Mwili ukiikataa damu, mara nyingi utaona pale pale. Anatetemeka, homa inapanda, kiuno kinauma, kifua kinabana, ngozi inawasha. Au mtoto anabadilika tu, anakushika mkono, hana neno la kukuambia. Ukiona hivyo unafunga damu. Usiseme napunguza kasi nitazame. Unafunga, unaweka mpira mpya wa dripu na maji ya chumvi ili mshipa usipotee, unamwita daktari, na mfuko unarudi maabara pamoja na sampuli mpya ya damu ya mgonjwa.

ATHMAN: Sawa, lakini salamu ni suna, kuijibu ni faradhi.

RUKIA: Angekujibu dakika ya 16.

ATHMAN: Wallahi alinijibu! Alipima joto, mapigo, presha, akaandika, akasimama. "Waaleikumu salaam, mjomba." Nikaona haya.

RUKIA: Ndiyo, uone.

ATHMAN: Lakini lililomuudhi dada yangu ni jingine. Kabla ya damu kuunganishwa walikuja wawili. Mmoja anasoma nambari za mfuko, mwingine anasoma utepe wa mkononi mwa mtoto. Wakamuuliza mama, huyu anaitwa nani? Jina kamili? Dada anasema, mmoja wao ni jirani yetu Langoni, amemwona mtoto huyu akizaliwa, leo anamuuliza jina!

RUKIA: Jirani ndiye anayefaa kuuliza mara tatu. Hebu nihesabie. Amu hii kuna Fatma Ali wangapi?

ATHMAN: Mtaani kwetu peke yake?

RUKIA: Ehee. Nimewahi kuwa na wodi yenye wawili, umri mmoja, vitanda vinatazamana, mmoja wa kundi A, mwingine O. Yule wa O ukimtia damu ya A, hata ujazo wa vijiko vichache waweza kumuua. Kundi la damu tumelijua tangu 1901, alipoligundua daktari Landsteiner, lakini hadi leo watu hawafi kwa kukosa sayansi, wanafa kwa mtu kusema "huyu namjua" na kuunganisha. Mimi nataka niulizwe jina mpaka nikasirike.

ATHMAN: (simu inatetemeka) Samahani. Ni yule mama wa boti.

RUKIA: Anataka nini?

ATHMAN: "Wamefika?" Anauliza nguru wamefika.

RUKIA: Mwambie wako kundi O.

ATHMAN: Nikimwambia hivyo atauliza kundi O ni kilo ngapi. Hebu turudi. Bibi naye akataka mfuko uwekwe kwenye beseni la maji ya moto, maana umetoka baridi na mtoto ana homa.

RUKIA: La, la. Moto nao unapasua chembe. Mtoto wa siko mfunike shuka zito umpe joto, baridi inamletea maumivu, lakini damu iachwe. Ikiwa lazima ipashwe, kuna mashine yake.

ATHMAN: Asubuhi HB imepanda, shemeji hakuridhika. Anataka waongeze mpaka ifike 12 kama ya watoto wengine.

RUKIA: Na hilo ni la kwanza kwenye karatasi yangu, tumefika kwa bahati. Mtoto wa selimundu akiwa mzima kabisa, anacheza, HB yake ni 7, 8 hivi. Mwili umezoea. Ukiijaza mpaka 12 damu inakuwa nzito, inapita kwa shida, unamletea mtoto kiharusi ukidhani unamsaidia. Na kila mfuko una madini ya chuma, mwili haujui kuyatoa, yanarundikana kwenye ini na moyo. Kwa hiyo mjue HB ya mtoto wenu akiwa mzima. Iandikeni kwenye daftari la kliniki.

ATHMAN: Moja. Bado tano.

RUKIA: Tungekuwa tumemaliza kama si huyo nguru.

ATHMAN: Sasa nifike kwenye langu. Usiku ule tuliambiwa mtoto amepewa damu ya friji, tulete watu wa kuirudisha. Nikapiga simu. Saa nane tulikuwa saba. Mmoja hakufika kilo 50, mwingine presha. Mmoja aliingia, akatoka, akasema tu "wamenikataa". Wanne tukatoa. Ya kwangu ni B, mtoto ni O, haikwenda kwake, ilikwenda kujaza friji. Mimi niliondoka pale kifua mbele. Huu ndio ukoo.

RUKIA: Mimi hapo ndipo moyo unaponiuma.

ATHMAN: Unauma nini?

RUKIA: Yule wa tatu. Aliyekataliwa.

ATHMAN: Hatukumuuliza.

RUKIA: Hamkumuuliza, lakini mji mzima unakisia. Na wewe sasa umemtangaza.

ATHMAN: Sikumtaja jina!

RUKIA: Amu hii? Mtu akiburutwa na ukoo saa nane za usiku, mjomba kasimama mlangoni, akiulizwa maswali ya maisha yake atasema kweli? Hatasema. Atajaza karatasi kama malaika, na kipimo hakioni maambukizi ya wiki iliyopita. Ndiyo maana tangu 1975 mkutano wa afya wa dunia umetaka damu ya hiari, bila malipo na bila shinikizo.

ATHMAN: 1975 friji ya Amu ilijaa?

RUKIA: Usikwepe.

ATHMAN: Sikwepi. Hao wa hiari ni nani? Wanafunzi wa sekondari. Shule zikifunga, friji tupu. Ramadhani, friji tupu. Ukoo haufungi shule. Harusi twachanga, maziko twachanga, damu pia twachanga. Hii ni mila iliyokuwapo kabla ya friji.

RUKIA: Na kibarua aliyetoka bara, anafanya kazi bandari mpya, hana hata binamu mmoja hapa? Akiumia, amlete nani?

ATHMAN: Huyo tutamtolea sisi.

RUKIA: Umewahi?

ATHMAN: ...

RUKIA: Mimi nimemwona mtu wa namna hiyo ndugu zake wakitafuta vijana Mkunguni kwa simu kutoka bara, wapewe "hela ya soda". Mtu anayeuza damu atakuambia anaumwa?

ATHMAN: Hilo ni baya, sikatai. Lakini unanilaumu mimi kwa kosa la muuza soda. Usiku ule, Rukia, usiku ule ungemwambia dada yangu asimwite mtu, asubiri wa hiari?

RUKIA: Mtoto alishapewa. Damu ilikuwa frijini. Iliwekwa na mtu asiyemjua.

ATHMAN: Na ya kwangu imewekwa kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Basi tofauti iko wapi?

RUKIA: Wewe uliitwa.

ATHMAN: Nikaja.

RUKIA: Uliitwa.

ATHMAN: Haya, hapa tutalala. Mimi sibadilishi.

RUKIA: Wala mimi. Na fundi ananionyesha saa. Dakika ngapi? Tatu! Athman, mambo matano yamebaki.

ATHMAN: Soma upesi.

RUKIA: La pili, mpira unaopitisha damu hauingizwi kitu kingine ila maji ya chumvi. Si dawa, si dripu ya glukosi, glukosi inaharibu chembe. La tatu, mfuko ukishaunganishwa usipite muda wa saa nne, hata kama...

ATHMAN: (simu inalia) Sasa anapiga kabisa.

RUKIA: Usipokee.

ATHMAN: Akipiga mara tatu ataleta mwanawe mlangoni. Alo? Mama. Mama, nilikwambia, lile sanduku halikuwa... la, sikuwauzia wa hoteli.

RUKIA: Nipe mimi.

ATHMAN: Tuko hewani!

RUKIA: Nipe. Alo, shikamoo mama, mimi nesi Rukia. Ndiyo, wa kipindi. Mama, nikuulize, wewe mwenyewe una kilo ngapi? ... La, si za nguru. Zako.