Nyuki Mdoezi na Nyumba ya Mwenyeji Wake

Ndugu zangu, hamjambo. Kila mtaa una mdoezi wake. Chakula kikipakuliwa yupo mlangoni, lakini sokoni hajawahi kuonekana. Nyuki nao wanaye. Tofauti ni kwamba mdoezi wa mtaani akishashiba huaga akaenda zake. Huyu wa leo anaua mtoto wa mwenye nyumba, anamaliza akiba yote, halafu anatokea mlangoni akiwa ameota mabawa.

Najua likitajwa neno nyuki wengi wenu mnafikiria mzinga, malkia na asali. Hicho ni kipande kidogo cha ukoo mkubwa. Spishi za nyuki zinazojulikana duniani zimepita 20,000, na walio wengi hawana mzinga, hawana malkia, wala hawaweki asali ya kurina. Jike mmoja anajitegemea: anachimba au anatafuta tundu, anatengeneza chumba, anakijaza chavua iliyokandwa kwa mbochi (maji matamu ya maua), anataga yai moja, anaziba, anaanza chumba kingine. Hao ndio nyuki wapweke. Na katika spishi zote hizo, kama asilimia 13 hivi ni wadoezi: hawajengi wala hawachumi, wanataga kwenye akiba ya mwenzao.

Wengi huwafananisha na kekeo, yule ndege anayetaga katika kiota cha mnana akamwachia kazi ya kulea. Mfano huo unasaidia mpaka mahali fulani tu. (Msimsingizie tipitipi: ni wa ukoo huohuo wa kekeo, lakini kiota anajenga mwenyewe.) Mnana anamlisha kinda wa kekeo kwa siku nyingi. Nyuki mpweke halishi mtoto yeyote kwa mdomo. Akiba imeshawekwa na mlango umeshazibwa. Kwa hiyo kazi ya mdoezi wa nyuki ni moja: aingie lini, na yai alifiche wapi. Ndiyo maana nasema ukitaka kumwelewa, anza na nyumba ya mwenyeji. Mwili wa mdoezi umechongwa na nyumba hiyo.

Tuanze basi na mwenyeji, nyuki wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Amegilla. Mnamfahamu hata kama jina hamlijui. Ni mnene, mwenye manyoya, urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu, tumbo lina mistari ya kukingama, mara nyingi ya buluu au nyeupe, na hatulii. Anafika kwenye kivumbasi, anasimama hewani kama aliyetundikwa kwa uzi, anachomeka ulimi wake mrefu, na kabla hujatoa simu umpige picha ameshahamia ua la tatu. Kwenye nyanya na mbilingani anafanya kazi ambayo nyuki wa asali hawezi. Chavua ya mimea hiyo imefungiwa ndani ya vifuko vyenye kitundu nchani, kama kichupa cha chumvi cha mezani. Amegilla anaukumbatia uume wa ua, anatetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na chavua inamwagika tumboni mwake. Ule mlio mkali wa kukatika-katika mnaousikia shambani asubuhi ndio huo.

Anaishi kwenye udongo mkavu ulioshikana: kingo za mifereji, matofali mabichi, kuta za nyumba za udongo upande usiopigwa mvua. Kila jike ana tundu lake, lakini wanapenda kuchimba karibu-karibu, hata ukuta mmoja ukawa na matundu kadhaa. Chumba chake kina umbo la mtungi mdogo. Ndani anakipaka utomvu kama nta unaotoka kwenye tezi ya tumboni, ili unyevu usipite, maana chakula anachoweka ni laini, karibu na uji mzito. Juu ya uji huo analaza yai, kisha anaziba kwa kifuniko cha udongo. Akishaziba, hafungui tena kukagua. Shikeni hilo, maana mdoezi naye amelishika.

Sasa mdoezi mwenyewe: Thyreus. Spishi zake zinapita mia, zimeenea Afrika, Ulaya, Asia hadi Australia. Ni mweusi tii, mwenye madoa ya manyoya ya buluu au meupe yanayong'aa. Kanuni ya haraka: mistari inayokata tumbo zima ni mwenyeji, madoa yaliyoachana ni mdoezi. Halafu tazameni miguu ya nyuma. Amegilla jike ana brashi nene ya kubebea chavua. Thyreus hana, kwa sababu hana mtoto wa kumbebea. Ngozi yake ni ngumu, na nyuma ya kifua kuna kibamba kilichochomoza kuelekea kiunoni, mahali ambapo mwiba wa mwenyeji ungeweza kupenya. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki la ngao. Jike tumbo lake linachongoka nchani.

Mwendo wake pia unamtoa. Amegilla anakuja na moto, anaingia tunduni moja kwa moja. Thyreus anaruka polepole karibu na ukuta, anashuka, anapanda, anasimama mbele ya kila tundu kama mtu anayesoma namba za nyumba. Anatua, papasi za kichwani zinagusa ukingo wa tundu, anasikiliza harufu. Tundu jipya lisilo na chumba kilichokamilika analiacha. Akipata lenye chumba kilichozibwa karibuni, anaingia, anatoboa kifuniko, anapenyeza ncha ya tumbo, anataga juu, kwenye dari au ukuta wa chumba, kisha anaziba lile tobo kwa udongo uleule. Mama akirudi anakuta mlango umefungwa kama alivyouacha, na anaendelea na chumba kinachofuata.

Wako wanaofanya kinyume, na hapo ndipo mtaona nyumba inavyoamua. Nyuki wakata majani, jenasi Megachile, hujenga ndani ya mianzi, mabua na matundu ya mbao, na kila chumba wanakivika vipande vya majani: virefu kwa ukuta, vya duara kwa kifuniko. Mdoezi wao ni Coelioxys, na jike wake ana tumbo lililochongoka kama ncha ya kisu. Anavizia mama akienda kuchuma, anaingia, anachoma jani kwa ncha hiyo na kuliacha yai lake hapo. Chumba bado kiko wazi, mama atarudi na chavua mara nyingine kadhaa, kwa hiyo yai lisipofichwa litaonekana na kutupwa. Mdoezi mwingine, Epeolus, hupenyeza yai ndani ya utando unaofanana na karatasi ya nailoni ambao mwenyeji wake, Colletes, huutandika chumbani. Mdoezi wa tatu, Sphecodes, hana subira ya kuvizia kiasi hicho: kwa kawaida anaingia, anaharibu yai la mwenyeji yeye mwenyewe, ndipo anataga lake.

Thyreus na Coelioxys kazi hiyo ya kuua wanaiacha kwa mtoto. Buu wa Thyreus anapoanguliwa hafanani kabisa na buu wa kawaida wa nyuki. Buu wa kawaida ni kipande cheupe cha mafuta, kimelala juu ya chakula, mdomo chini. Huyu kichwa chake ni kigumu, kimeelekezwa mbele, na kina taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu. Anatambaa. Analitafuta yai la mwenyeji, au buu wake kama limeshaanguliwa, anachoma. Kama majike wawili wa Thyreus walitaga chumba kimoja, jambo ambalo hutokea, mabuu wao watapigana mpaka abaki mmoja, kwa sababu akiba ilipimwa kwa tumbo moja. Akishamaliza, anajivua ngozi, mundu unakwenda na ngozi, na anayebaki ni buu mnene mpole kama wengine wote. Kwa Coelioxys wengi taya hizo hazipo siku ya kwanza. Zinakuja baada ya kujivua ngozi mara moja au mbili. Kwa hiyo mtu anayefungua chumba siku ya kwanza anaweza kuwaona wawili wakiwa salama akadhani wanaishi pamoja. Afungue baada ya siku chache.

Hesabu ya mayai nayo imegeuka. Nyuki mpweke anayejenga, tumboni mwake huwa na yai moja lililokomaa kwa wakati mmoja, maana chumba kimoja kinaweza kumla siku nzima. Mdoezi hajui saa ngapi atapata mlango, kwa hiyo anatembea na mayai kadhaa yaliyokwisha kuiva, mara nyingi madogo kuliko ya mwenyeji. Mengi yatapotea. Ndiyo bei ya kutojenga.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama tumuue ili Amegilla wa nyanya zetu waongezeke. Hapana. Mdoezi hawezi kudumu mahali penye vyumba vitano. Anahitaji wenyeji wengi, mwaka hadi mwaka. Wenyeji wakipungua, yeye ndiye wa kwanza kutoweka, na kwa sababu hiyo wataalamu wamependekeza atumike kama kipimo cha afya ya jamii ya nyuki. Ukuta wenye Thyreus ni ukuta wenye Amegilla wa kutosha. Kinachomaliza Amegilla ni dawa inayopulizwa asubuhi maua yakiwa wazi, na lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo uliokuwa na matundu. Wengine hupuliza dawa ukutani wakidhani ni nyigu.

Kwa wanaotaka kuwaangalia kwa karibu, tengenezeni makazi mawili. La kwanza ni la Amegilla: sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 15 au zaidi, lijazeni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, liacheni likauke kabisa kivulini. Kipimo ni ukucha. Ukikwaruza na unga ukatoka, panafaa. Pakikataa, mfinyanzi umezidi na nyuki atashindwa. Pakimomonyoka, mchanga umezidi na tundu litaporomoka. Toboeni matundu machache ya milimita 8, kina cha sentimita 3 au 4, yawe ya kuwaonyesha njia tu. Likae chini ya paa.

La pili ni la Megachile. Kateni mianzi au matete yenye tundu la milimita 6 hadi 12, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na kila kipande kibaki na kifundo upande mmoja. Kipande kilichotoboka pande zote mbili hakipati mpangaji. Kifupi mno nacho kina kasoro ambayo wengi hawaijui: mama hutaga mayai ya kike ndani kabisa na ya kiume karibu na mlango, hivyo mwanzi mfupi huzalisha madume zaidi. Fungeni vipande 20 au 30 pamoja, vilale, mdomo uelekee mashariki, kimo cha kifua cha mtu, na nguzo mpakeni grisi ili sisimizi wasipande. Msitundike kwa kamba. Mzigo unaobembea nyuki wanaukimbia. Ukungu ukiingia, ni mvua inayopigia mdomoni: rudisheni nyuma, chini ya paa.

Wafugaji wa asali mliopo msijione mko salama, kwani hata nyuki wa asali ana mdoezi wa ukoo wake mwenyewe. Nyuki wa Rasi ya Afrika Kusini, capensis, ana vibarua wanaoweza kutaga mayai ya kike bila dume. Mwaka 1990 wafugaji walihamisha makundi ya capensis kuyapeleka kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye nyuki wa aina ya scutellata, ambao ndio walewale walioenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Vibarua wa capensis wakaingia mizingani, wakataga, watoto wao wakala bila kufanya kazi, malkia akapotea na mzinga ukafa. Wafugaji wa huko walipoteza makundi mengi sana. Kuhamisha nyuki kutoka mbali kwa sababu ya asali nyingi ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Turudi kwa Thyreus, kwa sababu kuna namna ya kumwona ambayo haihitaji sanduku wala mwanzi. Hana nyumba, kwa hiyo hana pa kulala. Jua likikaribia kuzama anachagua kijiti chembamba kikavu, anakiuma kwa taya, anakunja miguu, na analala hivyo, mwili ukining'inia hewani, ameshikwa na meno tu. Madume wa Amegilla nao hulala kwa kuuma vijiti, mara nyingi wakipangana kundi zima, kwa hiyo angalieni tumbo kabla ya kutoa jina: mistari au madoa. Nendeni alfajiri umande ukiwa bado upo, msitikise tawi, na mtapata nafasi ya kuhesabu madoa moja moja kabla jua halijampasha moto akaachia.